Fulana Iliyoishia Manzese

Kitabu cha Pietra Rivoli, The Travels of a T-Shirt in the Global Economy, nilikisoma kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye daladala la Mbezi–Mlandizi, simu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika bomba. Ulikuwa usomaji wa lazima. Kwenye semina yetu ya uzamili kila mtu alitakiwa kuchagua kitabu kimoja kisicho cha kubuni na kukihakiki. Wenzangu walichagua tawasifu za viongozi. Mimi nilichagua hiki kwa sababu niliambiwa kinafika Manzese, na mtoto aliyekulia Visiga ndani ya nguo za mtumba, akasomeshwa kwa nguo za mtumba, hawezi kusikia kwamba profesa wa Marekani ameandika juu ya Manzese akaacha kukifungua.

Kwa ambao hamjakisoma: mwaka 1999 Rivoli, mwalimu wa masuala ya biashara katika Chuo Kikuu cha Georgetown, alinunua fulana huko Florida kwa dola 5.99, kisha akaamua kuyafuata maisha yake. Akaanzia kwenye mashamba ya pamba ya Texas. Akaenda Shanghai inakosokotwa na kushonwa. Akarudi Washington kwa wanasiasa na washawishi wanaogombania ni nguo kiasi gani kutoka nje ziruhusiwe kuingia. Mwisho, fulana ilipochokwa na mwenyewe na kutolewa, akaifuata mpaka Dar es Salaam. Kitabu kilitoka mwaka 2005 na kimetolewa upya zaidi ya mara moja tangu hapo. Hoja yake kuu, kwa ufupi wa daladala: njia nzima fulana inalindwa, inazuiwa na kupendelewa na siasa, na mahali pekee inapokutana na soko lililo huru ni kwenye biashara ya mitumba. Ndivyo hata sehemu ile ya kitabu ilivyopewa jina.

Nianze na sifa, maana zipo. Rivoli hamwandiki mwuza mitumba kama mtu wa kuhurumiwa, anamwona mtaalamu. Anaelewa kwamba belo ni kamari, kwamba kila nguo iliyomo iko peke yake, kwa hiyo bei haiwezi kupangwa ofisini na mtu ambaye hajaishika. Anaeleza pia kwa nini nguo nzuri za kiume ni adimu na ghali sokoni kuliko za kike: wanawake wa huko hununua na kutoa nguo nyingi kupita waume zao. Nilipofika nyumbani nikamtafsiria mama sehemu hiyo. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani, jicho moja limefumbwa. Akasema, “Sasa hilo mpaka apande ndege? Si angeniuliza.”

Angeniuliza. Tangu siku hiyo nimeshindwa kukisoma kitabu kile kwa utulivu.

Manzese iko kando ya Barabara ya Morogoro. Visiga nako ni kando ya barabara hiyo hiyo, kilomita zipatazo 40 mbele, ukishaiacha Kibaha Maili Moja na Misugusugu, kabla hujafika Mlandizi. Rivoli angepanda gari pale pale alipokuwa na kwenda mbele bila kukata kona hata moja, angefika mbele ya kibaraza cha mama. Kitabu hakiendi huko. Kinasimama pale ambapo fedha inabadilishana mikono kwa namna ambayo mchumi anaweza kuihesabu, na baada ya hapo kinageuka kuuliza swali kubwa, kwamba je, mitumba ni rafiki au adui wa Afrika. Swali ni zuri kwa mtihani. Ila kulifikia, mwandishi ameruka karibu kila kitu kinachoipata fulana baada ya kununuliwa.

Mama hana mtaji wa belo zima. Siku ya kufungua belo anatoka Visiga kabla ya adhana ya alfajiri ili awepo kamba zinapokatwa. Wenye fedha huchagua kwanza, na bei ya mzunguko wa kwanza si bei yake. Yeye husubiri pembeni. Anachonunua ni yaliyowashinda wengine: suruali ya kiuno cha inchi 44, gauni lenye doa mbele, shati zuri lenye kola iliyolika, shuka la kitanda kikubwa ambacho hakimo kwenye nyumba yoyote mtaani kwetu. Anajaza kiroba, analipia kiroba nauli kama mtu, anarudi.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Nguo zinalala ndani ya maji na sabuni ya unga usiku kucha ili ile harufu itoke. Kila aliyewahi kusimama karibu na belo linalofunguliwa anaijua, harufu ya dawa na ghala. Kesho yake zinaanikwa, kisha zinafumuliwa. Hafumui kwa mkasi, anafumua kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine. Ukikata kwa mkasi unapoteza nusu inchi kila upande, na nusu inchi hiyo ndiyo itakayokuwa pindo la gauni la mtoto, pindo la kushushwa mwakani atakaporefuka. Suruali ya inchi 44, ikiwa ya kaki au bluu, inatoa kaptula mbili za shule. Kola iliyolika inabanduliwa, inageuzwa upande wa ndani na kushonwa tena, na shati linakwenda harusini. Shuka la kitanda kikubwa linakuwa mapazia ya madirisha mawili, na mabaki yake foronya. Vifungo, zipu na lastiki vinaingia kwenye kopo la Blue Band ambalo ni kubwa kwangu kiumri.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma. Tangu nilipoanza kuunganisha maneno ya Kiingereza, mama aliniweka kitini siku za Jumamosi ili mteja akiuliza “imeandikwa nini hii?” nimjibu. Nimesoma fulana za mikutano ya koo za Marekani, za mbio za kuchangia hospitali, za wagombea walioshindwa uchaguzi kabla sijazaliwa. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuipenda sana fulana ya kijani iliyoandikwa maneno ambayo hata hapa siwezi kuyatafsiri. Nilimnong'oneza mama, mama akamwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba ile imeshawekewa oda. Nikiulizwa chuoni nilianza lini uhakiki wa matini, huwa sitaji siku ile, lakini ndiyo yenyewe.

Halafu kuna maisha ya baada ya kuvaliwa, ambayo sijayakuta kwenye kitabu chochote cha aina hii. Kila nyumba inaijua ngazi ya kanga: ya mtoko, ya nyumbani, mbeleko, nepi, kata ya kutwikia ndoo, tambara. Fulana nayo ina ngazi yake. Inaanza ya kutokea, inashuka kuwa ya nyumbani, ya kulalia, ya shambani, na mwisho inakuwa dekio. Hakuna anayetangaza mabadiliko hayo. Siku moja tu unamkuta dada amechana mikono ya fulana uliyokuwa ukiipenda, ameiloweka kwenye ndoo, na mjadala umekwisha. Kwa hesabu ya mama, fulana iliyofia kwenye dekio imekufa vizuri.

Ndiyo maana huu msemo wa “maisha ya pili”, ambao maandishi mengi juu ya mitumba yanaupenda, unanisumbua. Anayetoa hayo maisha ni nani? Ukisoma kwa makini utaona ni mtu aliyeitupia nguo kwenye kisanduku cha hisani, au basi ni soko. Fundi hamo. Na hiyo hesabu ya “pili” imefanywa na mtu aliyeacha kuhesabu mapema.

Upande wa pili wa ubishi haunifariji sana. Filamu ya T-Shirt Travels ya mwaka 2001 ilitengenezwa na Shantha Bloemen, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi ya misaada Zambia, akajiuliza nguo zote alizoziona kijijini zimetoka wapi. Anaanza na swali lile lile la Rivoli, wanaachana njiani. Bloemen anaishia kwenye deni: masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliyofungua milango, viwanda vya nguo vilivyozidiwa, vijana waliobaki na belo. Ni hasira yenye haki. Sisi pia tunayo mifano yetu. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, kiko barabara hiyo hiyo ya Morogoro, hatua chache kutoka Manzese, na bibi yangu hakuhitaji filamu kujua kitenge chake kilitoka wapi. Bibi huyo huyo, lakini, anakumbuka pia miaka ya mwanzo ya themanini, foleni za maduka ya kaya, kanga moja ikigombaniwa na mtaa mzima, watu wazima wakishindwa kwenda msibani kwa kukosa nguo ya kujisitiri. Mzee Mwinyi aliporuhusu biashara, mtumba ulimkuta bibi akiwa na gauni moja. Ukimwambia huyo kwamba mitumba ni fedheha atakuuliza fedheha ipi, ya kuivaa au ya kuikosa.

Kinachobaki kichwani mwangu baada ya filamu ile ni deni. Baada ya kitabu cha Rivoli ni soko. Kote kuwili shujaa wa hadithi ni fulana yenyewe, inasafiri, inavuka bahari, na sisi ni mahali inapofikia.

Karen Tranberg Hansen ametenda haki kuwashinda wote wawili. Kitabu chake, Salaula, kilichotoka mwaka 2000, ni cha mwanaanthropolojia aliyeitafiti Zambia kwa miaka mingi, na kimeandikwa kwa ukavu wa kitaaluma ambao kwenye daladala haufai kabisa. Ila kinaingia kwenye vyumba vya mafundi. Kinaonyesha mtu akichagua, akikataa, akipunguza, akilinganisha, akijua anachotaka kuonekana nacho. Hata jina lake limebeba hilo: salaula kwa Kibemba ni kupekua rundo na kuchagua.

Majina haya yanastahili mhakiki wake. Ghana husema obroni wawu, nguo za Mzungu aliyekufa. Wazee wetu nao walisema kafa Ulaya. Hapo aliyetajwa ni marehemu, kwa sababu ilikuwa vigumu kuamini kwamba mtu mzima mwenye akili anaweza kutoa koti zima kama lile akiwa bado hai. Rwanda wanasema caguwa, na hilo ni neno letu wenyewe, chagua, limevuka mpaka na kubadilisha tahajia. Sisi wenye neno tukaacha kulitumia, tukaita mitumba, yaani mafurushi. Jirani amekipa kitu jina la tendo la mkono, sisi tumekipa jina la kifungashio! Nimelifikiria hili mara nyingi na bado sijui nani wa kulaumiwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ya nguo na viatu hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo hizo walilalamika kwa serikali yao, unafuu wa AGOA ukawekwa rehani, na nchi moja moja zikarudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Rwanda ilishikilia ushuru wake mpya, na mwaka 2018 Marekani ikausimamisha unafuu huo kwa nguo zake. Hayo yalikuwa ya wakubwa. Mwaka ule wa 2016 mimi nilianza kidato cha tano, na shuleni kukawa na mdahalo: mitumba ipigwe marufuku. Nilikuwa msemaji wa upande wa kuunga mkono. Nilisema Mtanzania hawezi kuwa na heshima akiwa ndani ya nguo ya marehemu. Nilipigiwa makofi mpaka meza zikagongwa. Tulishinda, nikapewa daftari kubwa lenye jalada gumu.

Sweta niliyoivaa nikisema maneno hayo mama aliitoa kwenye belo. Ilikuwa na nembo ya shule fulani ya Uingereza, akaibandua kwa wembe, akashona ya kwetu juu ya alama iliyobaki, na kwa kuwa ya kwetu ilikuwa ndogo, akazungushia uzi wa rangi ya sweta ili pengo lisionekane. Hakuna aliyewahi kuligundua. Ada ya kidato cha tano, ambayo enzi hizo ilikuwa bado inalipwa, ilitoka kibarazani.

Nilimsimulia mwaka jana tu, baada ya kusoma Rivoli. Nilitegemea anyamaze, au acheke. Aliuliza, “Na wale wa upande wa pili walisemaje?” Nikamjibu walisema vijana watakosa ajira na serikali itakosa ushuru. Akafikiri kidogo, mguu umesimama juu ya pedali.

“Basi hata wao hawakunijua,” akasema, na cherehani ikaendelea.

Ninaamini hiyo ndiyo hukumu ya haki zaidi juu ya fasihi nzima ya mitumba niliyoisoma, ya kuitetea na ya kuipinga. Anayepinga anaona heshima iliyopotea, anayetetea anaona ajira na bei nafuu, na katikati yao kuna mtu mwenye wembe, hakuna aliyemuuliza.

Ningeweza kuishia hapo, lakini itakuwa nimemwandikia mama mashairi ya sifa, na yeye mwenyewe ana malalamiko. Mzigo umebadilika. Fulana ya Rivoli ilikuwa ya pamba. Safari yake yote inaanzia shambani, na bila yeye kusema, hata ile ngazi ya mpaka dekio inategemea pamba. Siku hizi ukikata kamba za belo, nguo nyingi ni poliesta nyembamba, iliyoshonwa haraka na kuvaliwa mara tatu. Mwaka 2023 Changing Markets Foundation na Clean Up Kenya walitoa ripoti juu ya nguo za plastiki zinazoingia Kenya kwa jina la mitumba. Mama hakuhitaji ripoti, ana kiberiti. Anachomoa uzi mmoja pindoni, anauwasha: ukitoa jivu na harufu ya karatasi, ananunua. Ukijikunja ukawa kishanga kigumu cheusi, anarudisha, ingawa kuna siku harudishi kwa sababu hakuna kingine.

Poliesta haifumuliki, ukitoa uzi kitambaa chenyewe kinaachia. Haipigiki pasi ya mkaa, inanata. Na ukiifanya dekio hainywi maji, inayasukuma kutoka ukuta huu hadi ule kama ubao. Kwa hiyo ikichoka inachomwa uani, na haiwaki, inayeyuka, inadondosha matone meusi huku watoto wakiambiwa wasogee. Mama ana neno lake kwa nguo za namna hii. Anasema, “Hii haina uzee.” Yaani haijui kushuka ngazi. Ni mpya, kisha ni taka, katikati hamna kitu. Sisi vijana bado tunasema fulani amepiga pamba, na alichovaa kimetokana na mafuta ya petroli, wakati pamba yenyewe ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inapanda meli bila hata kusokotwa.

Kama kuna kitabu kinachosubiri kuandikwa baada ya cha Rivoli, kianzie hapa, kwenye hiyo ndoo ya deki, kirudi nyuma kuelekea Florida. Kitauliza maswali mengine kabisa. Semina ilinipa alama za kutosha na maoni pembeni kwamba nimechanganya uhakiki na maisha binafsi. Sikukata rufaa.

Jumapili iliyopita nilikuwa Visiga. Mama alinitupia fulana nyeusi, laini, nzuri kwa kuangalia, akaniuliza kama zamani imeandikwa nini. Mbele haikuwa na kitu. Nikaifunua lebo ya ndani, maandishi madogo. Nikamwambia imeandikwa kwamba kitambaa chote kimetengenezwa kwa chupa zilizorejelezwa.

“Chupa za nini?”

“Za plastiki, mama. Zile za maji.”

Akaichukua, akaivuta pembeni, akaiangalia juani kama anayeangalia yai. Kisha akaitupa upande wa zilizoshindikana.

“Si wangeiacha chupa,” akasema. “Ningewekea mafuta ya kula.”